Mji Asioujua Khalati Mwanamize

Ijumaa, 6 Februari 2026

Leo nimeaibika mbele ya sinia la biriani.

Kwanza nijieleze, maana shajara hii huenda wanangu wakaja kuisoma. Mama yangu, mama wa binamu yangu Thani, na khalati yetu Mwanamize walikuwa ndugu watatu, wote wazaliwa wa Unguja. Sasa kabaki Khalati Mwanamize peke yake, Mungu ampe umri. Hakujaaliwa mtoto, basi Ramadhani hukaa na sisi, wana wa dada zake. Mwaka juzi kwa ndugu yangu Thani. Mwaka jana kwa Thani, na tangu hapo hajaondoka. Thani kastaafu wizarani, na nyumba yake ya Al Khuwair, hapa hapa Maskati, ina lifti. Ghorofa mbili, lifti ya nini?

Mwaka huu nnamtaka mimi, hapa kwangu Mabela. Si kwa thawabu tu. Akiita "njoo baba" kutoka jikoni, ni sauti ya marehemu mama, haikupungua kitu. Nyumba yangu ina kelele za kila namna, lakini hiyo haimo.

Leo tulikuwa kwa Thani. Baada ya kula, vitendawili, kama kwetu Unguja. Ukishindwa unatoa mji. Mtegaji anaupokea, anasimulia alivyokwenda huko akakirimiwa, ndipo afumbue. Ila Khalati ana masharti yake. Mji uwe makao makuu, ya nchi au ya jimbo, na uje na jambo lake lisilojulikana na wengi. Akiwa analijua anakutupia mwenyewe: "Huo nnao! Nipe mwengine!"

Akatega: nyumba yangu haifunguliwi ila kwa moto. Nikashindwa. (Chaza! Na mimi mtoto wa pwani!) Nikatoa Astana, mji mkuu uliobadilishwa jina mara kadhaa. Akasema huo anao, na akanitajia majina yenyewe. Nikatoa Bagamoyo, kwamba Wajerumani waliifanya makao makuu kabla ya Dar es Salaam. Akaniuliza kama nadhani yeye kazaliwa jana. Wote wakacheka. Thani akacheka zaidi ya wote.

Kisha akatangaza. Ijumaa ijayo, atakayempa mji asiokuwa nao ndiye atakayefunga naye. Thani akatabasamu kama mtu aliyekwisha kutandika kitanda.

Jumamosi, 7 Februari

Dukani, Wadi Kabir. Siku nzima na simu. Mteja kaja kutaka breki za mbele, nikampa taa ya nyuma.

Lakini nimevuna! Juneau, mji mkuu wa jimbo la Alaska, Marekani: hakuna barabara ya kuuingia kutoka nje, ni ndege au chombo cha majini. Nchi ya Nauru haina mji mkuu rasmi kabisa (nitaihesabu mji hivyo hivyo). Na huko Palau kuna makao makuu yanaitwa Ngerulmud. Hilo nimelifanyia mazoezi garini. Kwenye taa nyekundu mwenye gari ya jirani akafunga kioo.

Jumatatu, 9 Februari

Wasiwasi. Je, kama anayajua? Bibi yule haachi redio wala televisheni.

Nimepata hila, alhamdulillah. Jawaher, binti wa Thani, ndiye anayekaa na Khalati mchana. Nimempigia nikamwomba amuulize kwa mzunguko, kama maongezi tu, anajua nini juu ya Juneau. Jawaher akaniuliza kama nina hakika nnataka hivyo. Nikamwambia mwanangu, biashara yoyote hupimwa kabla ya kuuzwa.

Baada ya adhuhuri jibu likaja. Hajui! Kashangaa sana! Kasema hiyo ni sawa na kijiji cha Qantab hapo zamani, kabla mlima haujachongwa barabara, watu wakenda kwa mashua.

Nikaruka dukani. Nimetuma na Nauru.

Jumanne, 10 Februari

Nauru hajui! Ngerulmud hajui, na kalirudia jina mara mbili kwa raha!

Miji mitatu, yote mipya kwake. Nimenunua godoro, mto, na kawa jipya la kufunikia chakula. Thani kanipigia kuuliza hali. Nikamjibu kwa upole wa mtu aliyeshinda.

Jumatano, 11 Februari

Nimemsimulia mke wangu Ruqaya hila yote, mwanzo mpaka mwisho, nikingoja sifa. Alikuwa akikanda unga. Akaacha kukanda. Akaniuliza, kwa sauti ile anayotumia kwa wagonjwa: sasa, baada ya Jawaher kumuuliza, anajua au hajui?

Nikakaa chini.

Miji yangu yote mitatu nimempelekea mwenyewe, bure, mpaka kitandani.

Nikafikiri kubuni mji. Hata jina nilikwisha kulipata. Kisha ikaadhiniwa magharibi. Shaabani hii, na mimi natunga uwongo kwa ajili ya kufunga Ramadhani! Nikaomba toba, nikamwomba na Ruqaya msamaha ingawa sijui wa nini.

Alhamisi, 12 Februari

Nimefunga duka mapema, nikenda Maskati ya kale. Nilijiambia: makao makuu nnayo mlangoni, naitafutia nini Palau?

Nikasimama penye Lango Kubwa. Mama alikuwa akitusimulia kwamba zamani, kabla hatujafika sisi, lango likifungwa usiku, na mwenye kutembea baada ya hapo lazima ashike taa. Bila taa unakamatwa. Jambo zuri kama hili, na nimekaa nalo tangu utoto!

Nikampigia Jawaher. Mara moja tu, kwa uhakika.

Hajui!

Nilifika mzunguko wa pili wa barabara, ndipo nikakumbuka nilichofanya.

Ijumaa, 13 Februari

Ndiyo Ijumaa ya ahadi, tena kwa Thani.

Baada ya halwa Khalati akatega. Jibu nnalijua. Nikanyamaza. Thani naye kimya, na najua analijua. Wanaume wawili wazima tukishindana kushindwa.

Thani akatangulia. Akajikohoza kama yuko mkutanoni, akatoa Juneau. Juneau yangu! Khalati akasema, "Huo nnao, baba. Jawaher kanipa Jumatatu." Thani akamtazama binti yake. Binti akaitazama halwa. Mimi nikatikisa kichwa polepole, kama niliyeyapanga yote.

Kisha ikawa zamu yangu. Nikasikia mdomo wangu ukisema: Maskati.

Wakacheka. Khalati akasema kama ni taa za usiku, anazo tangu jana. Nikasema si taa. Ni sahani.

Nikamwambia. Mwaka tuliohamia huku, sisi tulipanga Matrah, Thani na wazee wake walikuwa Kuweti, na yeye Khalati bado kakwama Unguja, hana ruhusa ya kutoka. Ramadhani ile mama alikuwa akipakua sahani moja zaidi kila magharibi. Tambi, kipande cha mkate wa kumimina, anafunika kwa kawa. Hatugusi. Tukiuliza ya nani, anasema ya Mwanamize, huenda ndege imechelewa. Baada ya tarawehe tunampelekea mzee wa Kibulushi aliyekuwa akilala kwenye duka la jirani. Kesho yake anapakua tena. Ramadhani nne. Na alitukataza tusimwambie Khalati, maana atalia, na mtu hapandi ndege huku analia.

Hakuna aliyecheka. Khalati akavuta ncha ya mtandio, akajifuta. Akauliza mkate ulikuwa na iliki nyingi au kidogo. Nikasema nyingi. Akasema ndivyo, yeye akipenda nyingi.

Kisha akasema, "Huo sinao, baba. Nipe."

Nikampa. Akaupokea. Akasema alikwenda Maskati, akakuta sahani yake imefunikwa na bado ya moto. Kitendawili chenyewe akasahau kukifumbua.

Thani kanikumbatia mlangoni. Kanipeleka chini kwa lifti. Si mbaya lifti ile.

Jumamosi, 14 Februari

Chumba tayari. Ruqaya kaweka iliki. Jawaher yuko kwao anamfungia Khalati mizigo, Thani atamleta jioni.

Sasa mawazo yangu yako mbele. Ramadhani ni mwezi mmoja tu. Nnakusudia Khalati asirudi kwa Thani hata baada ya Idi: nitamzoesha kidogo kidogo, mpaka asahau lifti. Ruqaya kanionya kwamba mpango wa namna hii hufaa tu ukiwa siri.

Kweli kabisa. Ndiyo maana nimempigia Jawaher, amuulize Khalati kwa mzunguko, kama maongezi tu, je, anajua kwamba nnataka kumbakiza huku moja kwa moja?

Jibu limekuja sasa hivi. Hajui! Kashangaa sana!

Alhamdulillah. Siri imehifadhika.