Malalamiko Dhidi ya Mmea Ulionyang'anya Kona Yangu

Kwa Mzee Mohamednoor,
Mwenyekiti, Kamati ya Wazee wa Mtaa,
Garissa.

Assalamu alaikum, Mwenyekiti. Natumai joto la wiki hii limekuhurumia. Mimi halijanihurumia, na sababu nitaieleza kwa adabu zote.

Binti yangu Amran, yule mwalimu, alihamishiwa Lafey. Aliniachia mmea wake wa chungu, wenye majani mapana yaliyojaa matundu, na akasema asili yake ni misitu ya mvua. Niliupokea kwa mikono miwili. Leo naomba kamati ikae iuhukumu, kwa maana sina tena pahali pa kulala katika nyumba yangu mwenyewe.

1. Mgeni ni siku tatu. Huu una siku arobaini na moja, na sioni dalili ya kufunga mizigo.

2. Amran aliagiza ukae penye mwangaza lakini usipigwe na jua. Mwenyekiti, nyumba yangu unaijua. Kona ya namna hiyo ni moja tu, ile ya dirishani inayotazamana na feni, ambapo nimejinyoosha kila siku baada ya sala ya adhuhuri kwa miaka kumi na tisa. Sasa feni inaupepea mmea. Mimi nalala kando ya mlango wa jikoni, na kila anayepita na sufuria ananiruka.

3. Niliambiwa unywe maji mara moja kwa wiki. Hapo nilifurahi, kwa sababu nimechunga ngamia Tarbaj tangu nikiwa mdogo, na kiumbe anayekaa wiki bila maji namjua vizuri. Siku ya nane niliufanyia kama tunavyofanya kisimani: niliunywesha hadi ushibe, jerikani nzima. Majani yakageuka manjano. Mke wangu Bishara akampigia Amran simu, Amran akalia, na wote wawili wakakubaliana kwamba nimeuzamisha. Mtaa mzima unalalamika kwamba maji hayatoki bombani, na mimi nimetuhumiwa kuzamisha!

4. Tangu siku hiyo Bishara ndiye anayeuhudumia. Asubuhi na jioni anaupulizia maji kwa chupa, kisha anaupangusa majani, moja baada ya jingine, kwa kitambaa laini huku akiusemesha. Tumeoana miaka thelathini na minne. Sijawahi kupuliziwa hata tone. Nasema wazi, naona wivu.

5. Jirani yetu Ramlo akiingia huusalimu mmea kwanza.

6. Hautoi maziwa, hauchinjwi, haubebi mzigo. Nimeukagua pande zote kama ninavyokagua mnyama sokoni, na hauna hata meno ya kukadiria umri.

Kwa hiyo naomba kamati iuamuru mmea uhamie Balambala, ukakae karibu na mto pamoja na migomba. Hilo likishindikana, basi kamati initambue mimi rasmi kuwa mmea. Nirudishiwe kona, nipuliziwe mara mbili kwa siku, na mtu asinitume dukani. Niko tayari kusimama ndani ya beseni wazee wakija kukagua.

Nisalimie wazee wote, jamaa zako wa nyumbani, na shemeji yako anayeumwa na mgongo. Mungu awazidishie kivuli.

Mimi niliyedhulumiwa nyumbani kwangu,
Abdow Shurie

Nyongeza, baada ya sala ya alasiri: Tafadhali usiisome barua hii mbele ya kamati. Mbuzi wetu wa maziwa ameingia sebuleni akatafuna nusu ya jani jipya, lile ambalo nimekuwa nikikaa nalo tangu juzi nikilitazama likifunguka. Utomvu wa jani unamwasha mbuzi, anatokwa na mate mdomoni, lakini hakuna aliyemtuma. Nimemtoa nje na simtaki tena. Mwenye haja naye aje na kamba. Wazee wakipata nafasi, waje kumjulia hali mgonjwa. Waingie polepole, na mtu asikae upande wa feni.