Pare-choc ya Carina ya Papa

Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025

Taxi ya Papa haina tena pare-choc, yaani bampa, ya mbele. Jana iligongana na toleka, baiskeli ya kukodi, iliyobeba magunia ya makala ya kuwashia jiko. Mwenye toleka hakuumia. Makala pia salama. Pare-choc: vipande viwili. Carina yetu ni ya mwaka 1994, imenizidi miaka kumi na mitatu.

Mezani Papa akatoa uamuzi. Nimemaliza shule, basi mimi ndiye nichague pare-choc mpya. Nikifanya vizuri, atamwomba fundi wa magari, Papa Timothée, anipokee garajini kwake nijifunze ufundi. Nikikosa, naenda Isangi kumsaidia shangazi Augustine kukausha samaki. Binamu Lionel, anayekaa kwetu, alicheka mpaka mboga ya pondu ikampalia. Ananiita Fundi Benie. Najibu hapa: Lionel hajui hata kufungua capot ya injini.

Jumanne, tarehe 9

Njia ziko tatu. Pare-choc ya mtumba kutoka Goma: itafika Mungu akipenda. Bomba la chuma, wazo la Lionel: gari litafanana na kitanda cha hospitali. Fibre, kitambaa cha nyuzi kilicholowekwa gundi: nyepesi, na ikipasuka inazibwa. Nimechagua fibre.

Fundi ambaye wote humwita tonton Nicolas huziba maboti kwa fibre kule ukingoni mwa mto. Nilipita mbele ya karakana yake mara nne kabla ya kumsalimia. Alidhani nauza kitu. Kwanza akanionya: moto usikaribie, gundi ya fibre huwaka. Akanieleza kazi: anafunika pare-choc ya zamani, anapata moule, yaani kalibu, kisha ndani ya moule anatengeneza nyingine inayofanana. Sharti moja: ya zamani iwe nzima. Nikasema ndiyo.

Yetu iko vipande viwili. Ilikuwa ndiyo saa ya kusema. Nilitazama viatu.

Jumatano, tarehe 10

Nimeshona pare-choc. Kushona kweli! Matundu kwa msumari wa moto, halafu waya. Mishono kumi na saba, na udongo kwenye nyufa. Plaque ya namba nimeiacha palepale, skrubu zilikataa kufunguka.

Tonton Nicolas akauliza kama modeli, ile ya zamani, iko sawa. Ndiyo. Akauliza kama plaque nayo inabaki. Ndiyo. Angeniuliza kama mimi ni askofu, ningesema ndiyo.

Alhamisi, tarehe 11

Imetoka! Imekaa kwenye gari bila nafasi ya kupitisha hata ukucha.

Ila imetoka na kila kitu. Mishono yote kumi na saba. Na plaque, ya fibre, namba zote zimesimama juu. Tonton Nicolas alisema moule hufuata inachopewa, nichukue msasa niisugue plaque mpaka iishe. Nilianza. Halafu wazo likaja. Wezi huvua plaque za magari. Hii nani ataivua? Nikaacha msasa, nikapaka rangi, namba moja moja, kwa brashi ndogo. Ile ya kweli ilibanduka moule ilipotolewa. Nimeificha.

Kuhusu mishono nilimwambia Papa ni mtindo. Alitazama muda mrefu. Akasema bon, sawa.

Ijumaa, tarehe 12

Polisi wa barabarani wamemsimamisha Papa karibu na soko. Mmoja alipitisha kidole juu ya plaque, kidole kikarudi na rangi. Akauliza tangu lini Papa anatengeneza plaque nyumbani. Papa akanipigia simu.

«Benie, plaque ya gari iko wapi?»

«Iko chini ya kitanda, papa.»

Nilisikia abiria wakishuka.

«Inafanya nini chini ya kitanda?»

«Niliiweka isiibiwe.»

Nilienda mbio, plaque kifuani. Lionel alikuja nyuma, hakuitwa. Aliwauliza polisi kama wanahitaji pia leseni ya kuchora, Fundi Benie atawachorea. Walicheka. Gari liliachiliwa saa kumi jioni.

Kutoka hapo Papa akaenda moja kwa moja kwa Papa Timothée, mimi kiti cha nyuma. Papa Timothée alipiga magoti, akapitisha mkono pembeni mwa pare-choc. Akasema vijana wake hawajawahi kukalisha kitu namna hii. Moyo wangu! Halafu akahesabu mishono, akaniuliza kwa nini sikumwambia Nicolas kwamba ilikuwa imevunjika. Lilihitajika neno moja tu. Nilitazama viatu.

Alimgeukia Papa.

«Patrice, mikono iko nayo. Kinywa hana. Mutu akiona frein, breki ya gari, imekufa na ananyamaza, anaua watu. Ajifunze kwanza kuuliza. Alete mikono yake Januari.»

Papa akasema donc, basi, Isangi. Kwa wauza samaki, asiyesema hulala njaa.

Jumanne, tarehe 16, Isangi

Nimefika jana. Shangazi Augustine alinipa chakula na agizo moja: nisilolijua, niulize. Nimekubali kwa moyo wote. Papa Timothée alisema kweli. Nimekuwa mtu mwingine.

Tanuri la kukaushia samaki liko na mfuniko wa bati, umeoza kwa kutu. Moshi unatoka kila upande, shangazi anakohoa, na hajasema kitu. Mfuniko huo unakaa juu ya moto mchana kutwa, haupumziki. Nimeupima kwa kamba mara mbili, shangazi alipokuwa sokoni. Fibre haishiki kutu kabisa. Nimemwandikia tonton Nicolas anitumie vifaa kwa boti ya Alhamisi.

Shangazi nitamwuliza, hilo ni hakika. Mfuniko ukishakauka.