Kabati Lililopona Kikohozi

Hivi wewe, unapokwenda kuchukua shati kabatini, huwa unabisha hodi kwanza?

Usicheke. Katika mji huu ninaousimulia, watu wazima, wenye ndevu na vyeti vyao ukutani, walikuwa wanasimama mbele ya makabati yao wenyewe na kusema "Hodi!" kabla ya kufungua. Chanzo chake kilikuwa filamu. Miaka thelathini na sita nyuma, mjini hapo hapo, ilitengenezwa filamu ya kutisha iitwayo *Kabati Linalokohoa*. Kisa chake chepesi tu: kabati linakohoa, mtu anakwenda kulifungua bila kubisha, mlango unajifunga, na mtu haonekani tena. Saba walikwenda hivyo, mmoja akiwa bado na kijiko mkononi. Siku ilipoonyeshwa, ukumbi mzima ulipiga yowe moja, na mwanamke wa safu ya nyuma akajifungua kabla ya siku zake. Baadaye nakala ya filamu iliungua, ukumbi wa sinema ukageuzwa ghala la magodoro, lakini ile hodi ilibaki.

Basi, mgeni mmoja aliingia kwa kinyozi kunyolewa. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya kahawa na tai nyekundu, na kwa ajili hiyo watu walikuja kumwita Tai. Waliokuja kumjua vizuri zaidi walisema tai ile si ya shingoni, ni yule ndege.

Kinyozi alimpaka povu shavu moja, akakisogelea kikabati cha nyembe, akasema kwa adabu, "Hodi." Akangoja kidogo. Kisha akafungua.

"Unambishia nani hodi?" Tai akauliza.

"Kabati."

"Na likikujibu?"

"Likinijibu nahama mji. Tulia nisikukate."

Tai alitulia. Aliposimuliwa habari yote, na povu likimkaukia shavuni, alihisi kitu kinamtekenya tumboni, kama anavyotekenywa mtu aliyeona embe limeiva upande wa ua usio na mbwa. Watu wanaoliogopa kabati, alijisemea, hao watanilipa.

Jioni ile ile alikuwa ofisini kwa Mzee Magodoro, mwenye lile ghala, anakunywa soda ya watu.

"Toleo jipya, mzee wangu! *Kabati Linalokohoa*, la kisasa, la rangi! Na wewe nimeshakuona. Wewe ndiye mtu wa tatu kufa."

"Kufa? Mimi?"

"Kwa heshima zote. Utafia kwenye kochi."

"Wateja wakiniona nimekufa, magodoro watanunua kwa nani?"

Tai alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akavuta pumzi kama daktari mwenye majibu mabaya. "Kutokufa kupo. Ila kuna ada yake. Tunaiita ada ya uhai."

Mzee Magodoro aliilipa kabla soda haijaisha. Na hapo, bila Tai mwenyewe kutegemea, ndipo biashara ilipofunguka. Kinyozi naye hakutaka kufa. Mwenye duka la dawa, ambaye mji mzima ulimwita Daktari ingawa shule aliyosomea ilikuwa ya kuuza, hakutaka kufa, tena hakutaka hata kuumwa, maana ingemharibia jina. Wiki ilipoisha, watu wote saba wa kufa walikuwa wamelipia uhai, na filamu ya kutisha ilibaki haina maiti hata wa kuazima.

"Haina shida," Tai aliwaambia. "Siku hizi watu hawapendi vifo. Wanapenda hali."

Hali gani, hakuna aliyeuliza. Neno lilikuwa zuri.

Sasa kulikuwa na kabati lenyewe. Lile la zamani, la mbao nyeusi, lilikuwa nyumbani kwa fundi cherehani mmoja, mama wa makamo mwenye futi ya kupimia shingoni na sindano mbili daima ukosini. Watu walimwita Mama Fundi. Alikuwa anahifadhia humo vitambaa vya wateja. Walichokuwa hawakijui ni kwamba yeye ndiye aliyekohoa. Alipokuwa msichana, aliwekwa ndani ya kabati hilo akakohoa siku tisa, akiingilia na kutokea kwa nyuma, pale penye ubao mmoja unaochomoka. Mlango wa mbele hujifunga wenyewe, na komeo lake hudondoka kwa nje. Jina lake halikuandikwa popote. Uso wake haukuonekana hata nukta moja.

Tai alipokuja kuliazima, Mama Fundi alisimamisha cherehani.

"Chukueni. Pesa sitaki. Ila nina sharti."

"Sema, mama yangu."

"Ile filamu ya kwanza, mwishoni kabati lilikuwa lifunguke, mimi nitoke, niseme sentensi moja. Niliikariri. Siku ya kuirekodi, mwongozaji akasema kabati halisemi, akaikata. Sasa safari hii nataka niiseme."

"Mama! Utaisema! Mbele ya mji mzima!" Tai akaweka mkono kifuani, upande ambao huwa hauna moyo. Hakuuliza hata sentensi yenyewe ni ipi.

Mama Fundi alianza kuifanyia mazoezi siku ile ile, kwa sauti ndogo, huku anatunga uzi kwenye sindano. Alijishonea na gauni la kutokea, la kijani, lenye vifungo vilivyovikwa kitambaa, kumi na viwili.

Filamu yenyewe, Tai hakuwa na nia ya kuitengeneza vizuri wala vibaya. Alikuwa na nia ya kuondoka. Lakini waliolipa walitaka kujiona, kwa hiyo aliajiri mpiga picha wa harusi mwenye kamera yake, na kila aliyelipa akaja na lake. Mzee Magodoro alitaka kabati lisimame juu ya godoro, ili lisiteseke. Kinyozi alitaka linyolewe. Daktari ndiye aliyemaliza mchezo.

"Kikohozi cha siku nyingi namna hii," alisema, akitikisa chupa mbele ya kamera, "dawa yetu inakimaliza kwa vijiko viwili."

Akalinywesha kabati. Likapona. Ilikuwa onyesho la nne tu la filamu, na *Kabati Linalokohoa* halikohoi tena.

Siku hiyo Mama Fundi alikuwa ndani ya kabati tangu saa sita, na gauni lake jipya, ameketi kwenye kigoda, anangoja zamu ya sentensi yake. Aliingilia kwa nyuma, na hakuna aliyejua yumo, sembuse wa kumwambia kwamba amepona. Wote walikwenda kula. Ndipo mlango ulipofunguka kidogo, bila hodi, mkono ukapita gizani na kumwekea begi mapajani. Begi lilikuwa zito.

"Tulia hapa, kipenzi changu," Tai alilinong'oneza begi. "Mji huu hakuna wa kukugusa humu. Jumamosi wakizima taa, mimi na wewe tunapitia mlango wa uani. Na yule bibi wa sentensi yake aende akaisemee mto wa kulalia."

Mlango ukajifunga. Komeo likadondoka.

Mama Fundi alikaa na begi la ada za watu mapajani kwa muda mrefu. Yeye si mtu wa haraka. Anayeshona vifungo kumi na viwili kwa mkono hawezi kuwa wa haraka. Kisha akachomoa ubao wa nyuma, akatoka na begi, akaurudisha ubao mahali pake.

Jumamosi alasiri mji wote ulijaa ghalani. Madirisha yalizibwa kwa magodoro, watu wakakaa juu ya magodoro, nailoni zikawa zinalia chini yao *kwaruu-kwaruu*. Kabati jeusi lilisimamishwa kando ya pazia jeupe kama mgeni wa heshima. Taa zikazimwa.

Ilikuwa filamu ya dakika arobaini. Watu waliona Mzee Magodoro hafi. Wakaona kinyozi hafi, kwa mwendo wa taratibu. Wakaona kabati likinywa dawa na wote saba wakilipigia makofi. Kisha likaja tangazo la bei za magodoro, kisha neno MWISHO. Nusu ya ukumbi walikuwa wanakoroma. Magodoro yalikuwa mazuri, hilo tuseme ukweli.

Nusu nyingine walisimama.

"Mwizi! Hata mtoto hajalia!"

"Mimi nimekuja na mke wangu anishike mkono, amenishika sikio ananiuliza tunaondoka saa ngapi!"

"Bango lilisema filamu ya kutisha!"

Tai alipanda mbele ya pazia, mikono juu, uso mtakatifu. "Ndugu zangu, lisomeni tena bango. Tafadhali."

Wakalisoma, kwa mwanga wa simu. Mchora mabango alikuwa amekosea herufi moja. Liliandikwa: FILAMU YA KUTOSHA.

"Haijawatosha?" Tai akauliza.

Watu wakalisoma bango mara ya tatu, wakitafuta mahali pa kukosoa wasipaone. Hapo Tai aliona njia yake. Akalisogelea kabati kwa mwendo wa mtu anayekwenda kufuta vumbi, akauvuta mlango.

"Hujabisha!" kinyozi akapiga kelele.

Tai hakumsikiliza. Aliingiza mkono. Akaingiza wa pili. Begi hakuna. Na kutoka ndani kabisa, gizani, kabati likakohoa.

Kilikuwa kikohozi kile kile. Waliokuwa wasichana miaka thelathini na sita nyuma walikitambua kwenye uti wa mgongo kabla ya masikio. Waliolala waliamka. Tai peke yake hakukitambua, maana hakuwa wa pale. Alidhani kuna mwizi mwenzake kwa nyuma, na mwizi haogopi mwizi. Akainama, akajitumbukiza ndani mzima mzima akamkamate.

Mlango ukajifunga. Komeo likadondoka.

Ukumbi ulipiga yowe moja. Mzee Magodoro alijifunika godoro, akawa anapaza sauti kutoka chini yake: "Mimi nimelipia! Mimi nimelipia!" Daktari alimkumbatia kinyozi. Ndani, Tai alikuwa anausukuma ubao wa nyuma, na ubao hausogei, kwa sababu kwa upande wa pili palikuwa na mgongo wa mama mzima aliyeuegemea. Manyoya ya vitambaa vya miaka mingi yakampanda puani, na kabati likaanza kukohoa tena, safari hii kwa sauti ya kiume, na kuomba msamaha katikati.

"Limem-meza!" mtu akasema, na wawili wakazimia kwa raha.

Mama Fundi alitia kabari ya mbao chini ya ubao, akaikung'uta sketi ya gauni lake, akazunguka mbele. Gauni la kijani, vifungo kumi na viwili, begi mkononi. Alimpa Daktari lile begi.

"Shika. Gawianeni baadaye, kila mtu chake. Sasa kaeni chini."

Wakakaa. Nailoni zikalia, zikanyamaza. Mzee Magodoro alichomoza kichwa, akamtazama huyo mama waliyempelekea suruali za kupunguza miaka yote, kisha akalitazama kabati, kisha akamtazama tena. Kwa niaba ya mji mzima akasema:

"Hodi?"

Mama Fundi alisafisha koo. Na aliposafisha koo, wote walijua ni nani.

"Karibuni," alisema. "Mimi nilikuwa nakohoa tu, ili mjue humu kuna mtu."