Uzito wa Bi Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameondoka asubuhi kwenda mafunzo ya kazini. Wiki mbili. Ameniachia simbilisi wake wawili, wale wanyama wadogo kama sungura wasio na mkia, Bi Mkubwa na Bi Mdogo, na maelekezo ya kurasa nne. Nyasi kavu muda wote. Pilipili hoho kila siku, maana miili yao haijitengenezei vitamini C. Nimesoma ukurasa wa kwanza. Mengine nitayaelewa kwa kuangalia.

Mlangoni akanikumbusha mkataba wa nyumba. Mama mwenye nyumba ameandika kwa kalamu nyekundu: wanyama wawili, wasizidi. Akasema tumeshafukuzwa nyumba tatu kwa sababu ya miradi yangu (uyoga, nyuki, halafu uyoga tena). Tukifukuzwa ya nne, yeye na simbilisi wake wanahamia kwa dada yake, mimi nitajua pa kwenda. Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka, nikaacha.

Mchana nikafungua friji. Kabla sijashika kitu, wote wawili wakapiga mluzi. Mluzi kabisa, kama mtu anayeita teksi. Nikafunga, wakanyamaza. Nikafungua, wakapiga. Nimerudia mara kumi na moja. Wanyama wasiofika hata kilo moja, wanajua mlango wa friji kwa sauti. Nimeduwaa.

Jumatano, 5 Machi

Miaka kumi na tisa nasoma mita za maji. Mimi na namba tunaelewana. Basi nimeanza kuwapima kwenye mizani ya jikoni. Bi Mkubwa jana gramu 980, leo 1,005. Bi Mdogo hajasogea.

Chakula chao ni kimoja. Tofauti ni kwamba Bi Mkubwa hukaa mapajani mwangu nikimsomea gazeti, Bi Mdogo hukimbia. Kwa hiyo ni gazeti. Nimekaa na wazo hili saa nzima, mwili unanisisimka.

Jioni Bi Mdogo aliruka juu, miguu yote minne hewani, akageuka hukohuko, akatua, akarudia. Nikajua ni degedege. Nikampigia shemeji, kaka wa mke wangu, anayefanya kazi duka la dawa za mifugo. Akasema hiyo ni furaha tu, ndivyo wanavyofurahi. Nina miaka arobaini na nne, sijawahi kufurahi kiasi hicho. Nilijaribu chumbani. Goti linauma.

Jumamosi, 8 Machi

Gramu 1,080. Nimechora grafu. Shemeji ana cheti dukani, kwenye fremu, hukifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe. Grafu yangu itakaa pembeni ya cheti hicho, kubwa kidogo.

Nimempigia kumweleza kuhusu gazeti. Akauliza kama nina hakika wote wawili ni majike. Nikamwambia muuzaji mwenyewe ndiye aliyesema. Akasema atapita kuwaangalia. Nikamwambia asijisumbue. Mtu akiona unapanda, anataka kushika ngazi.

Jumanne, 11 Machi

1,170. Bi Mkubwa amekuwa mviringo kama mto wa kochi. Leo niliweka kiganja ubavuni mwake, nikasikia kitu kinasogea ndani. Kinapiga. Chakula kinasagwa kwa nguvu namna hiyo! Niliacha mkono hapo hapo nusu saa, gazeti limeshaanguka chini. Machozi yalinilengalenga, sijui kwa nini.

Mama mwenye nyumba alikuja kuona bomba linalovuja. Akasimama mbele ya kizimba, akahesabu kwa kidole: mmoja, wawili. Akauliza mbona yule mnene vile. Nikamweleza habari ya magazeti. Akahesabu tena. Akasema wawili, mwanangu, wasizidi.

Ijumaa, 14 Machi, asubuhi

Wako watano.

Nilikwenda kuchemsha chai tu. Niliporudi, Bi Mkubwa alikuwa analamba kitu, na kitu hicho kina masikio. Ni watoto watatu. Wana manyoya. Wana meno. Macho wazi, wananitazama kana kwamba ni mimi niliyechelewa. Kabla chai haijapoa mmoja alikuwa anatembea, na mwingine anatafuna unyasi. Mama yangu husema mimi nilitembea nina miezi kumi na sita.

Nimekaa sakafuni, nimeshindwa kuinuka. Baadaye nikakumbuka kalamu nyekundu, nikainuka. Nikafikiria kuwaficha watatu kwenye droo ya soksi. Mwishowe nikampigia shemeji.

Ijumaa, mchana

Shemeji alimgeuza Bi Mdogo, akamtazama, akakohoa. Bi Mdogo ni bwana. Akamtoa, akamweka kwenye boksi jikoni, akasema asirudi kizimbani hata dakika moja, maana jike huweza kushika mimba nyingine siku ileile aliyozaa. Nilimwitikia tu. Mtu ametoka kuzaa watatu asubuhi, aanze kuwaza mambo hayo mchana? Sijui chuo gani kinafundisha hivyo.

Tukiwa hapo akaingia mama mwenye nyumba na fundi bomba. Sikupata muda wa kuwaficha watoto. Mama alipiga magoti mbele ya kizimba. Mtoto mmoja akamfuata, akamnusa kidole. Fundi akamaliza kazi, akaondoka. Kisha mama akatoa uamuzi: wakiacha kunyonya, wawili atawachukua yeye, mmoja shemeji. Lakini mkataba uko palepale. Akizaliwa hata mmoja zaidi, tufunge mizigo. Nikamwapia.

Nimempigia mke wangu, nikamweleza yote. Alilia kwa furaha. Akasema kwa mara ya kwanza ameona ana mume wa kutegemea. Anarudi keshokutwa. Nimemwomba aliseme tena neno hilo, akalisema tena.

Ijumaa, jioni

Bi Mdogo (jina amelizoea, litabaki) amelia ndani ya boksi tangu shemeji aondoke. Akiita jikoni, Bi Mkubwa anaitika sebuleni. Nimevumilia mpaka saa kumi na moja. Baba hajakaa na wanawe hata siku moja. Shemeji ana cheti, sawa, lakini moyo wa familia hana.

Nimemrudisha. Nilisema nusu saa, sasa yanakwenda masaa mawili, na mimi sina nguvu ya kuwatenganisha. Watoto hata hakuwatazama. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yao, akaanza kunguruma chini kwa chini, mwili mzima unatetemeka, anatikisa nyonga huku, anatikisa kule, anamzunguka. Sijawahi kuona mume anamshukuru mkewe namna ile. Nilisimama pale nimeweka mkono kifuani.

Nimefunika kizimba kwa shuka wapate faragha, nikatoka kwa kunyata.