Tuba Ligeukie Kiti Changu

Jumatatu, 6 Oktoba

Mwalimu Prosper wa bendi ya shule, huna adabu! Wimbo wa marehemu mume wangu unaugawa kama ubuyu? Leander aliupiga kwa tuba, lile baragumu kubwa la shaba, maisha yake yote. Nawe umewapa wapiga matarumbeta, kina Marcel, mjukuu wa jirani yangu Verdie! Kezia wangu, aliyerithi lile tuba la kuvaa mwilini kama chatu, kaachiwa kuunguruma. Bum. Bum. Mjukuu wangu si ng'ombe.

Nimemfuata shuleni. Kasema onyesho la Ijumaa, mapumziko ya mechi, ni la Mafuriko. Ngoma ndogo ni mvua. Filimbi ni upepo. Matarumbeta ni watu wanaoita juu ya mapaa, matuba ni mto. Eti, "Mama Ozella, mto hauimbi." Nikamuuliza tangu lini yeye na mto wanaongea.

Kanionyesha karatasi zake. Mistari kama nyaya za umeme, vidoa vimetua juu yake kama ndege. Kila kundi na mstari wake, naye anawasikia wote kichwani kabla mtu hajapuliza. Nimeduwaa. Analalaje huyu? Lakini wimbo hakuurudisha.

Jumanne

Verdie kaonekana akitoka shuleni na sinia tupu. Kumbe! Pudini ya mkate. Ndiyo maana matarumbeta yanaimba.

Nimeoka pai ya viazi vitamu. Siagi sikuionea huruma.

Jumatano

Pai imefanya kazi. Prosper kasema amefikiria upya: maji yakishatulia, watu wanyamaze, mto uimbe. Kufikiria, wapi! Ni pai.

Nikaona niongeze ombi. Matuba yakiupiga wimbo, vinywa vyake vigeukie kiti changu, safu ya tatu, chini ya mlingoti wa taa. Kasema tuba hutupa sauti linakotazama, watu wa upande mwingine watapata makombo. Nikamwambia hao si wajane wa Leander. Kacheka mpaka kakohoa, kisha kachora upya hatua za bendi uwanjani.

Alhamisi

Mazoezi. Verdie kanuna kama paka aliyelowa. Kaniuliza, "Ozella, umemlisha nini mwalimu wa watu?" Nikamjibu, "Chakula. Wewe ulimlisha nini?"

Jumamosi

Sitaki kuandika. Naandika.

Jana nilivaa kofia ya Pasaka. Ngoma zikaanza mvua yao, taratibu, kisha kwa fujo. Likanikereketa swali: mvua hii ukiwa nyuma ya bendi inasikikaje? Si nizunguke uzio, nione mara moja, nirudi! Magoti haya! Nilipofika ng'ambo, matarumbeta yakanyamaza. Matuba yote yakageuka. Yakanipa mgongo!

Nikamsikia Leander kama mtu anayeongea ndani ya blanketi.

Na kwenye kiti changu? Verdie! Eti ananishikia nafasi. Wimbo mzima ukamwingia usoni. Kamwaga machozi. Watu wakampa leso, pole mama, pole, kama mjane ni yeye.

Leo asubuhi kagonga mlango, macho yangali mekundu. Kasema tangu tumzike Leander hajamsikia karibu vile, kaja kunishukuru. Nilikuwa na maneno. Nikamwekea kahawa. Ile nyepesi.

Kezia naye, eti pumzi haikumkatika hata mara moja, alipiga akinitafuta pale kitini. Hapo moyo ukaniuma. Akaongeza, "Bibi, si ungekaa tu?"

Kukaa! Kosa ni la Prosper, kuelekeza matuba upande mmoja kana kwamba mtu haruhusiwi kutembea. Nasikia onyesho lijalo ni la Garimoshi. Vizuri sana. Garimoshi lina magurudumu. Matuba yazunguke yakipuliza, kila upande upate, popote nitakapokuwa nimesimama. Kezia anasema watapata kizunguzungu waanguke. Watazoea.

Kezia! Weka simu chini, menya viazi. Safari hii pai mbili.