Inchi Kumi na Sita za Reli

Jumatatu, 2 Machi 1936. Nunguni.
Mzee Mutunga amesema wazi: binti yake Kaluki haolewi na mtu asiye na kazi inayojulikana. Mimi, Muthama, niliyefika darasa la nne misheni! Bahati kanisa limeletewa kipande cha reli, futi sita, kiwe kengele. Atakayekifanya kisikike ng'ambo ya bonde ndiye mpiga kengele. Mshindani ni Ndeti seremala tu. Huyo hata kusema hasemi.

Jumatano, 4 Machi.
Nimekining'iniza mbele ya wazee, waya mmoja katikati, kama mtu mwenye akili ashikavyo mzigo. Nikagonga. Tifu! Ncha moja ikainuka, ikanipiga kwenye paji la uso. Kaluki alicheka, halafu akaniletea maji. Kicheko kimeniuma kuliko reli. Nikahamisha waya kwenye ncha zote mbili. Tifu tena! Mzee Mutunga akauliza kama napiga kengele au napura mbaazi.

Ijumaa, 6 Machi.
Nimemchungulia Ndeti kupitia ua. Ameilaza reli juu ya matita mawili ya nyasi, akainyunyizia mchanga mkavu, akawa anaigonga polepole. Mchanga ukakimbia, ukakusanyika mahali pawili tu. Ajabu! Chuma kizima kinatetemeka, lakini pana sehemu mbili zisizo na habari. Nilisimama pale muda mrefu. Niliionea wivu ile reli. Mimi tangu nimwone Kaluki sina hata inchi moja iliyotulia.
Ndeti alipokwenda kula isyo, mahindi yake na maharagwe, nikapima. Inchi kumi na sita kutoka kila ncha. Siri ninayo!

Jumapili, 8 Machi.
Ndeti amewahi. Amefunga waya pale pale, reli ikalia mpaka mbwa wa ng'ambo wakajibu. Nikasimama nikasema namba ile niliipata mimi, kwa hesabu. Ndeti hakukasirika. Akasema basi kanisa la Kasikeu nalo lina reli, futi tisa, wanipe mimi. Mzee Mutunga akakubali: ikilia, nilete mbuzi wa mahari. Aisee! Ndeti ni mjinga kweli.

Alhamisi, 12 Machi.
Kaluki amenisimamisha njia ya mtoni. Anasema kumi na sita ilikuwa ya futi sita. Eti mchanga hauhesabu inchi, unagawa urefu: katika kila inchi mia, ishirini na mbili na kidogo. Kwa futi tisa ni inchi ishirini na nne. Alinisihi sana. Nimeguswa. Ila yeye hufundisha wasichana kushona, na chuma si kitambaa. Namba ni namba.

Jumamosi, 14 Machi. Kasikeu.
Nimefunga. Inchi kumi na sita kila upande, bila kukosea hata uzi. Kesho asubuhi nagonga. Kaluki amekuja na baba yake, akapima kwa shubiri kutoka ncha hadi kwenye waya. Machozi yakamlengalenga.
Maskini, furaha imemzidi. Nimemtumia mjomba habari aanze kuwafunga mbuzi kamba.