Moyo Hauingiwi kwa Mkono

Kwa heshima na taadhima, hospitali kuu ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mrija utakaoruhusiwa kuufikia moyo wa mtu yeyote kwa kupitia mkononi. Njia rasmi ni kinena, kama ilivyokuwa tangu enzi, na atakayekiuka atajibu mbele ya Kamati ya Milango ya Mwili.

Aliyetangaza ni Mkurugenzi Mkuu, mtu wa tumbo la heshima na tai fupi, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati hiyo. Hakuwa daktari. Aliwahi kuendesha ghala la magodoro vizuri mno, hata wakubwa wakaona ni dhambi kumwacha huko.

Amri ilimlenga mtu mmoja tu: Daktari wa Moyo, mama mwembamba asiyejua kubembeleza. Yeye huchoma sindano kwenye kifundo cha mkono, pale pale mapigo yanapopimwa, akapenyeza mrija mwembamba ndani ya mshipa mpaka moyoni, akazibua palipoziba, na mgonjwa akaketi kuulizia chai. Wa kinena hulala chali kutwa, amekandamizwa pajani, hathubutu hata kukunja mguu.

"Mheshimiwa, damu ya mkononi naizuia kwa kidole gumba," Daktari alimwambia. "Ya kinenani ikigoma, naita watu."

"Daktari, hapa hatuzungumzii damu, tunazungumzia mamlaka," Mkurugenzi akajibu kwa upole wa mtu aliyelala vizuri. "Moyo ni wako, sawa. Mkono uko chini ya Idara ya Mifupa. Wewe unakatiza kiwanja cha watu bila hodi."

"Mshipa ni ule ule, mzee. Haujui idara."

"Ndiyo maana tumeunda Kamati. Iujulishe."

Kamati ilikuwa kikaoni, ikijadili kama kwapa ni chumba au ni korido, pale Mkurugenzi alipohisi kama gunia la saruji limetuliwa kifuani pake. Akadhani ni gesi. Jasho likamtoka, taya likamuuma, mkono wa kushoto ukafa ganzi.

"Katibu," akasema kwa shida, "fungua dirisha."

"Dirisha liko chini ya mengineyo, Mheshimiwa. Hatujafika."

Alipoteleza chini ya meza ndipo wajumbe walipokubaliana, bila kupiga kura, kumsukuma kwenye kiti chake chenye magurudumu mpaka chumba cha mirija. Alilazwa chini ya taa kubwa. Kwa mara ya kwanza tangu aache magodoro, aliogopa. Akamkumbuka mkewe, aliyekuwa akimsihi kila asubuhi akapimwe, naye akimjibu kwamba ana vikao.

"Daktari," akanong'ona, "pitia popote."

"Popote si njia rasmi," akasema Katibu, aliyewafuata mpaka mlangoni. "Kibali cha dharura hutolewa na mwenyekiti."

"Mwenyekiti ni mimi!"

"Kwa sasa wewe ni mgonjwa. Mgonjwa hajitolei kibali. Kanuni hiyo uliitunga mwenyewe, na kwa kweli ilitufurahisha sana."

"Basi toa wewe, ndugu yangu! Nakufa!"

"Natamani, Mheshimiwa. Ila akidi haijatimia."

Mke wa Mkurugenzi akaingia mbio, kiatu kimoja mkononi. "Shemeji," akamwambia Katibu, "mume wangu akifa kwa ajili ya akidi, nitakutoa meno mpaka yatimie."

"Jamani, nyamazeni," Daktari akasema bila kuinua macho. "Mimi nimeshafika moyoni."

Wote wakageukia skrini. Mshipa uliokuwa umekomea njiani kama barabara iliyokatika ukajaa, na lile gunia likanyanyuka kifuani kana kwamba mwenyewe amekuja kulichukua. Mkurugenzi akalia machozi ya kweli. Jioni alikuwa ameketi kitandani, bendeji kwenye kifundo cha mkono, akipuliza chai.

"Nilikuwa mjinga," akamwambia mkewe. "Amri ile naifuta leo hii."

"Huwezi," akasema Katibu, akiingia na wajumbe wote nyuma yake, sasa wametimia. "Kamati imenichagua mwenyekiti. Nawe unashtakiwa kwa kuruhusu mrija upite mkononi mwako. Hata hivyo, sisi ni binadamu. Tunapendekeza kosa lisahihishwe: kesho urudiwe, kwa kinena."

"Lakini nimepona!"

"Umepona kinyume cha utaratibu."

Daktari akaangua kicheko, akatoka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Huko kulikuwa na mkono mwingine wa kuchomwa sindano. Mke wa Mkurugenzi akaanza kuvua kiatu.

"Wanaounga mkono?" Katibu akauliza. Wajumbe wote wakanyoosha mikono.

"Wanaopinga?"

Mkurugenzi akanyoosha wake, ule wenye bendeji, juu kabisa kama mtoto anayeomba kwenda chooni.

Katibu akautazama kwa huzuni. "Kura hii haihesabiwi," akasema. "Mkono huo uko chini ya uchunguzi."